Shekhar Mehta: Alifukuzwa Uganda, akaja Kenya kutawala matope ya Pasaka

Mvua ya Aprili ikishika Kimilili, stage ya boda hugeuka darasa. Ukiacha lami na kuingia njia za udongo zinazopanda kuelekea Mlima Elgon, utaona waendeshaji wa aina mbili. Kuna yule anayevuta mafuta mpaka gurudumu la nyuma linachimba shimo, abiria anashuka viatu mkononi, na pikipiki inasukumwa kama mkokoteni. Halafu kuna yule mwingine. Anatulia, anaingiza gia ndogo, anachagua mstari wake kati ya mashimo mawili, anapita polepole bila kuweka mguu chini. Hana mbwembwe. Lakini ndiye anayerudi stage kuchukua abiria mwingine wakati mwenzake bado anaosha matope.

Mtu mmoja aliifanya akili ya huyo boda wa pili kuwa kazi ya maisha. Hakuwa wa pikipiki, alikuwa wa magari. Na hakuyaendesha kilomita kumi na tano za kupeleka mtu nyumbani, bali karibu kilomita 5,000 za vumbi, mawe na udongo mweusi, siku kadhaa, mchana na usiku. Jina lake Shekhar Mehta. Alishinda Safari Rally mara tano: 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982. Katika miaka yote ambayo Safari imehesabiwa kama mbio za ubingwa wa dunia, hakuna mwingine aliyefika hapo. Si Mzungu, si Mkenya mwenzake, hakuna.

Ila ukiuliza vijana wengi leo, watakutajia madereva wa Naivasha wanaowaona kwenye TikTok. Mehta hawamjui. Basi tulia kidogo, nikusimulie. Hadithi yake inapita karibu na hapa kwetu kuliko unavyodhani.

Kijana wa mashamba

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia yenye asili ya India iliyomiliki mashamba makubwa. Kwa hiyo tusidanganyane, hakuanza maisha akila ugali kavu. Alikulia kwenye nyumba yenye uwezo, na alipofika umri wa miaka 21 aliingia kwenye mbio za magari akiendesha BMW. Wakati huo kijana wa kawaida wa Afrika Mashariki alikuwa akiota baiskeli.

Lakini pesa ya baba haiendeshi gari kwenye matope, na Safari ya miaka hiyo haikuwa na heshima kwa mtu wa tajiri. Mbio hizi zilianzishwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua za masika. Hazikuwa kama mbio za siku hizi ambapo barabara inafungwa, gari linakimbia kilomita ishirini, halafu linapelekwa kwa mafundi. Barabara ilikuwa wazi kwa kila mtu. Unaingia kona ukiwa kasi ya kutisha, mbele yako kuna lori la mahindi, ng'ombe, au mzee na baiskeli yake.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Njia iligawanywa vipande, na kila kipande kilipewa muda wake. Ukichelewa dakika moja kufika kwenye kituo, unaandikiwa adhabu. Dakika kumi, adhabu inapanda hivyo hivyo. Mwishoni, mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Mara nyingi ule muda uliopewa haukuwezekana kabisa, hasa mvua ikinyesha. Kila mtu angechelewa tu. Swali lilikuwa nani atachelewa kidogo zaidi, na nani gari lake litafika likiwa bado gari.

Kwa miaka karibu ishirini, madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja na kurudi mikono mitupu. Wenyeji walishinda kila mara, kwa sababu walijua tope la Kenya si theluji ya Sweden. Ilichukua mpaka 1972 kwa mgeni kutoka ng'ambo kushinda kwa mara ya kwanza, Hannu Mikkola wa Finland akiwa na Ford Escort.

Mehta alikuwa tayari amejitambulisha. Mwaka 1971 alimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wakiendesha Datsun 240Z. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kila mtu aliyefuatilia mbio aliona kijana huyu wa Uganda anakuja.

Kisha nchi yake ikamtapika.

Siku tisini

Agosti 1972, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waondoke. Aliwapa siku 90. Mwisho ulikuwa tarehe 8 Novemba. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao waliozaliwa pale pale Uganda na wasiojua kwingine, walianza kupanga foleni za hati za kusafiria. Nyumba, maduka, viwanda na mashamba vilibaki nyuma. Pesa walizoruhusiwa kubeba zilikuwa kidogo tu, na njiani askari waliwapekua.

Sasa fikiria jambo hili ukiwa hapa Bungoma. Reli kutoka Kampala kwenda Mombasa inapita Tororo, inavuka mpaka Malaba, inaingia Bungoma, inapanda Webuye, ndiyo hiyo inaendelea Eldoret na Nakuru. Baadhi ya waliofukuzwa walipita kwenye reli hiyo hiyo, wakielekea Mombasa kupanda meli za India. Walipita katikati ya mashamba yetu ya miwa na mahindi bila kushuka, kwa sababu Kenya nayo haikutaka wabaki. Ukikutana na mzee wa Bungoma anayeikumbuka miaka hiyo, muulize, huenda akakuambia kitu ambacho hakimo kwenye vitabu.

Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza Uganda. Shekhar alihamia Kenya. Alikuwa na miaka 27. Mashamba ya familia yalibaki ng'ambo ya mpaka, mikononi mwa wengine. Alichobaki nacho ambacho hakuna askari angeweza kukipekua mfukoni ni jinsi alivyojua kushika usukani.

Pasaka ya 1973

Kutoka tarehe ile ya mwisho ya Amin mpaka Pasaka ya 1973 ni miezi mitano na kitu. Wengi wangekuwa bado wanatafuta nyumba ya kupanga. Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuanzia Nairobi, ndani ya Datsun 240Z, na pembeni yake navigeta Lofty Drews.

Mwaka huo Safari ilikuwa na uzito mpya. Ndio mwaka ubingwa wa dunia wa rally ulipoanza, na Safari ilikuwa mojawapo ya mbio za msimu huo wa kwanza kabisa. Na baada ya Mikkola kuvunja mwiko mwaka uliotangulia, wageni walikuja wakiamini mlango uko wazi. Mmoja wao alikuwa Harry Källström wa Sweden, mtu aliyeshinda mbio za RAC za Uingereza mara mbili mfululizo, 1969 na 1970, akiendesha Lancia ya Kiitaliano. Safari hii naye alikuwa kwa Datsun, kwenye gari la 1800 SSS. Yaani mpinzani mkubwa wa Mehta alikuwa mtu wa kampuni moja naye.

Hiyo 240Z ni gari refu puani, viti viwili tu, injini ya silinda sita iliyopangwa mstari mmoja, nguvu zote zinaenda magurudumu ya nyuma. Ukiliona leo utasema ni gari la kwenda kuonyesha watu mjini. Kwenye tope, gari la namna hiyo lina tabia ya punda mkaidi. Ukiongeza mafuta kwa pupa, nyuma inataka kuja mbele. Lazima uliongee kwa mguu.

Siku zikapita, magari yakaanguka moja moja. Mengine yalikwama, mengine yakavunjika springi, mengine yakalala kwenye mitaro. Mwisho wa yote, maofisa walipojumlisha adhabu, wakakuta kitu ambacho hakikuwa kimetarajiwa. Mehta na Källström walikuwa sawa. Sawa kabisa. Baada ya maelfu ya kilomita, watu wawili walikuwa na idadi ile ile ya adhabu.

Hebu fikiria kandanda imefika sare na hakuna penalti. Wangefanya nini? Sheria ilikuwa na jibu. Mkifungana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa adhabu ya kwanza. Kwa lugha ya mtaani, nani alichelewa kukosea. Wakarudi kwenye karatasi, wakafuata njia ya kila gari kituo kwa kituo. Mehta alikuwa amekaa msafi kwa umbali mrefu zaidi. Safari ikawa yake.

Watu hukumbuka sare hiyo kama bahati. Mimi naona tofauti. Adhabu ya kwanza ya Källström haikumuuma wakati ule. Mbele kulikuwa na njia ndefu, na adhabu ni kitu cha kufidia baadaye. Aliifidia kweli, mpaka akalingana. Lakini ule uchafu wa mapema ulibaki kwenye karatasi ukimsubiri. Mehta alishinda mbio ya siku nyingi kwa sababu ya alichokifanya mwanzoni, wakati hakuna aliyekuwa akipiga makofi bado.

Na jina lililoandikwa juu ya orodha lilikuwa la mtu aliyeambiwa, miezi michache kabla, kwamba si wa Afrika.

Miaka sita mikavu

Ungedhani baada ya hapo mambo yangenyooka. Wapi. Mwaka 1974 Safari ilichukuliwa na Joginder Singh, yule Simba wa Kenya aliyezaliwa Kericho, akiwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1975 akashinda Ove Andersson na Peugeot 504. Mwaka 1976 Joginder tena, ushindi wake wa tatu baada ya ule wa 1965. Mwaka 1977 Björn Waldegård na Ford Escort. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas na Peugeot.

Wakati huo Safari nayo ilikuwa imebadilika. Katikati ya miaka ya 70 ilikoma kuvuka mipaka ikabaki Kenya peke yake. Uganda ya Amin haikuwa mahali pa kupeleka mbio, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Kwa Mehta hii ilikuwa na maana ya pekee. Barabara za nyumbani kwao zilikuwa zimetoka kwenye ramani ya mbio alizozipenda. Zilizobaki ni za Kenya tu. Akazisoma.

Miaka sita ni mingi kwa mwanamichezo. Umri wake ulitoka 27 ukaenda 33. Ukiwa na Safari moja tu, na hata hiyo moja imeamuliwa kwa karatasi, kuna watu watakuwekea alama ya kuuliza milele. Ati ni ile sare tu. Ati alibahatika. Kila kijana aliyewahi kushinda kitu mara moja halafu akakaa kimya anajua maneno hayo yanavyokaa moyoni.

Minne mfululizo

Mwaka 1979 alirudi na gari lisilo na urembo wowote, Datsun 160J. Ukiiona, ni kigari cha karani. Silinda nne, boneti fupi, umbo la kisanduku. Ndugu za gari hilo zilijaa mitaani, na jina la kampuni hiyo Wakenya wakalizoea kiasi kwamba baadaye matatu yoyote ya watu kumi na wanne tuliiita Nissan, iwe Nissan au isiwe.

Pembeni yake alikuwa navigeta Mike Doughty, ambaye alikuwa naye pia alipomaliza wa pili mwaka 1971. Na mpinzani wake mkubwa alikuja na kitu kizito. Hannu Mikkola, yule yule wa 1972, aliletwa na Mercedes 450 SLC, gari la injini ya V8 ya lita tano. Kwenye barabara iliyonyooka, Datsun ingeachwa kama imesimama. Lakini Safari haikunyooka. Mehta akamaliza wa kwanza, Mikkola wa pili. Mwaka huo ndio pia ubingwa wa dunia ulianza kutolewa kwa dereva na si kwa kampuni peke yake, kwa hivyo macho ya dunia yalikuwa pale.

Mwaka 1980, Mehta tena. Wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake wa Datsun. Mwaka 1981, Mehta tena, na Aaltonen tena nyuma yake. Huyu Aaltonen ni hadithi ya huzuni yenyewe. Alikuwa dereva mkubwa aliyeipenda Safari, akarudi mwaka baada ya mwaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, na hakuwahi kushinda. Sehemu ya kisirani hicho ilikuwa na jina, nalo ni Mehta.

Mwaka 1982, dunia ilikuwa imeshahama. Audi Quattro ilikuwa imeonyesha kwamba gari la rally linaweza kusukumwa na magurudumu yote manne, na kila mtu mwenye akili aliona mbele kunaelekea wapi. Kwenye Safari mpinzani alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani ndani ya Opel Ascona 400. Röhrl alikuwa bingwa wa dunia wa 1980, na mwaka huo huo wa 1982 angekuwa bingwa tena. Mehta alikuwa na kile kile kigari cha kisanduku, sasa kikiitwa Violet GT, bado nguvu nyuma tu. Akamshinda. Röhrl akamaliza wa pili.

Mara nne mfululizo, dereva yule yule, navigeta yule yule, gari la ukoo ule ule. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Ile alama ya kuuliza ya 1973 ikafutika.

Alikuwa anafanyaje?

Ukitazama orodha ya aliowashinda, Mikkola, Aaltonen, Röhrl, utaona hawa si watu wa kushindwa kwa kasi. Kwenye barabara fupi iliyofungwa Ulaya, yeyote kati yao angeweza kumwacha. Mehta hakuwa anajaribu kuwa na kasi kuliko wao kila kilomita. Sifa yake ilikuwa kwamba alijua ni kilomita zipi zina maana.

Safari ilikuwa na vitu vitatu vilivyoua magari. Cha kwanza ni mashimo na mawe. Gari linaloruka kila tuta linaonekana tamu kwenye picha, lakini shokabu inachoka, na shokabu ikifa usiku katikati ya bonde, hakuna fundi. Cha pili ni udongo mweusi. Ule ukilowa unanata kama ugali uliopikwa vibaya, unajaza magurudumu mpaka hayazunguki. Pale hauna ujanja wa nguvu. Unahitaji kujua kabla hujafika ni upande gani wa njia bado una kokoto chini. Cha tatu ni vumbi. Kama kumekauka na uko nyuma ya mtu, huoni kona, huoni daraja. Unachagua kama utavumilia nyuma yake au utahatarisha kila kitu umpite.

Kwa kila kimoja, jibu ni lile lile la boda wa pili pale Kimilili. Unalinda chombo. Unasoma njia mapema. Unapunguza mahali ambapo wengine wanajionyesha, ili uwe bado na gari mahali ambapo wengine wameishiwa. Mehta aliendesha gari kama mtu anayejua kwamba kesho asubuhi atalihitaji tena.

Na hakuwa peke yake. Vijana tunapenda kumkumbuka dereva na kumsahau aliyeketi kushoto kwake. Navigeta ndiye mwenye kitabu cha njia, saa na hesabu. Ndiye anayesema kona inayokuja ina ukali gani, kivuko kina kina gani, na zimebaki dakika ngapi kufika kituoni. Mehta alikaa na Doughty miaka yote minne ya ushindi mfululizo, hakubadilisha watu kama shati. Hata mke wake, Yvonne, alikuwa navigeta, na aliwahi kukaa kiti hicho pembeni yake kwenye mbio nyingine. Mtu anayemwamini mke wake amwambie apinde wapi, tena kwa kasi ile, huyo alikuwa na somo lingine la kutufundisha.

Jangwa la Misri

Kila dereva ana kona yake. Ya Mehta ilikuwa Misri, mwaka 1987, kwenye mbio za jangwani zinazoitwa Mbio za Mafarao. Alipata ajali mbaya, akaumia vibaya, na kazi yake ya udereva ikaishia hapo. Alikuwa na miaka 42.

Angeweza kukaa nyumbani akatundika vikombe ukutani na kusimulia wageni habari za 1973. Badala yake alivuka upande wa pili wa meza. Aliingia kwenye uongozi wa mchezo wenyewe, na mwaka 1997 akawa rais wa kamisheni ya rally ya FIA, shirikisho linaloongoza michezo ya magari duniani. Mtu aliyefukuzwa nchi akiwa kijana sasa alikuwa mmoja wa wanaoamua rally iendeshwe vipi duniani kote, ikiwemo mambo ya usalama wa madereva na watazamaji. Waliopona ajali kama yake huwa hawahitaji kushawishiwa kuhusu usalama.

Kuna jambo moja chungu hapa. Ni katika miaka hiyo ambapo Safari, mbio zilizomfanya awe Mehta, ilipoteza nafasi yake kwenye ubingwa wa dunia. Ile ya 2002 ilikuwa ya mwisho. Mchezo ulikuwa umebadilika ukawa wa vipande vifupi, televisheni na bajeti kubwa, na Safari ndefu ya barabara wazi ikawa ghali na ngumu kupanga. Mapenzi hayakutosha kuiokoa, hata ya mtu aliyekaa kiti cha juu namna ile.

Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, baada ya kuugua. Alikuwa na miaka 60. Hakuiona Safari ikirudi. Ilirudi 2021, pale Naivasha, na maelfu ya vijana wakajaa barabarani na simu juu. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa aliposhinda mara ya mwisho.

Alikuwa wetu?

Nimeacha swali hili mwisho kwa makusudi. Ukimtaja Mehta mtaani, kuna mtu atasema ah, huyo si alikuwa Mhindi tajiri. Maneno mepesi tu, ya kupita. Lakini ni maneno yale yale, yakivaa sare za kijeshi, yaliyowapa watu siku 90 mwaka 1972.

Tumekaa na jambo hili muda mrefu. Ilikuwa 2017 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Mehta alikuwa ameshakufa miaka 11. Kwenye vitabu vya rekodi za rally, hata hivyo, bendera iliyo kando ya ushindi wake ni ya Kenya. Miaka ile Wazungu walipokuja na magari mapya na mafundi wao, aliyesimama mbele yao kwa niaba ya barabara zetu mbovu, matope yetu na ng'ombe wetu wasiojua honi, alikuwa yeye. Aliijua Kenya kipande kwa kipande, shimo kwa shimo, kuliko wengi wetu tuliozaliwa ndani yake. Mimi sijui kipimo kingine cha mtu kuwa wa mahali.

Kwa hiyo Aprili ikifika, na mvua ikaanza kupiga mabati ya stage pale Kimilili, na ukamwona yule boda mtulivu akichagua mstari wake kati ya mashimo mawili, mpe tano. Huenda hajawahi kusikia jina la Shekhar Mehta. Mwambie kulikuwa na jamaa aliyeendesha hivyo hivyo, akashinda mara tano. Halafu panda, ushikilie vizuri, umwache afanye kazi yake.